Kumcheka Superman si kumwiba

Mhariri,

Salamu kutoka Kisumu. Nimesoma ile barua ya ndugu yetu wa Nakuru mliyoichapisha kwa ukurasa wa wasomaji, ile ya kusema vijana wa huku wanaouza vijitabu vya katuni vya shujaa anayepaa, vya kumcheka Superman, ni wezi wa mchana, na ati huko Marekani mtu akijaribu hivyo anaozea jela, na nikaona nikinyamaza watu watadhani ni ukweli. Mimi ni fundi wa mabango na kuchora magari hapa Kondele. Hizi kesi za mashujaa wa komiki nimezifuata kitambo kwa sababu zinanigusa, mteja akikuja kuniambia nimchoree Spiderman kwa mlango wa nyuma wa matatu, mkono unaoshika brashi ni wangu si wake. Kwa hivyo nijibu kidogo, na kama ni ndefu kateni mnavyojua ila ile sehemu ya Captain Marvel tafadhali msiguse.

Kwanza hiyo maneno ya jela. Kesi zenyewe kubwa, zile zinasomwa mpaka leo, zilikuwa kampuni kushtaki kampuni, wachapishaji wanapigania wateja, mmoja anataka fidia na anataka mwenzake aamriwe asimamishe kuchapisha. Hakukuwa na polisi na pingu. Na sioni vizuri kumtishia kijana wa miaka kumi na tisa na penseli yake vitu ambavyo havikuwafanyikia hata wale matajiri waliokuwa wanauza mamilioni.

Sasa tuanze mahali panafaa. Superman alitoka 1938 kwa toleo la kwanza la jarida la Action Comics. Waliomuunda ni vijana wawili wa Cleveland, Jerry Siegel na Joe Shuster, na haki zote za huyo shujaa waliziuza kwa dola 130. Soma tena, 130, na bado wagawane. Kampuni iliyonunua ndiyo leo tunaita DC, na ndiyo hiyo hiyo imekaa kortini miaka na miaka ikilia kuibiwa. Siegel na Shuster wenyewe walikuja kupewa pensheni ya dola 20,000 kwa mwaka kila mmoja mwaka wa 1975, wazee tayari, na hiyo ni baada ya kupigiwa kelele kwa magazeti. Naiweka hapa mapema kwa sababu ndugu wa Nakuru ameandika sana kuhusu jasho la mchoraji, na mimi kama mchoraji nakubali, lakini ajue jasho la mchoraji ni kitu kimoja na haki ya kampuni ni kitu kingine, na kortini mara nyingi anayesimama kulia ni kampuni.

Mwaka haujaisha vizuri tangu Superman atoke, Mei 1939, mchapishaji mwingine anaitwa Victor Fox akatoa shujaa wake, Wonder Man. Mchoraji alikuwa Will Eisner, kijana wa miaka 22 ambaye baadaye alikuwa jina kubwa kabisa kwa hii kazi. Ukimwangalia huyo Wonder Man, anatembea na nguo za kawaida kama karani, mambo yakiharibika anazivua, chini kumbe ako na ile nguo ya kubana, risasi zinagonga kifua zinaanguka, bunduki anaiponda na mkono. Superman wa kupakwa rangi tu. DC wakakimbia kortini, na 1940 mahakama ya rufaa ya shirikisho pale New York, jaji akiwa Augustus Hand, ikasema tofauti ya maana kati ya hao wawili ni kwamba mmoja anavaa buluu na mwenzake nyekundu. Wonder Man hakuona toleo la pili.

Hapo mimi niko upande wa jaji kabisa. Fox hakuwa anasema chochote kuhusu Superman, hakuwa anamcheka, hakuwa anamjibu, alitaka tu mtoto mwenye senti kumi akose kuona tofauti pale dukani. Huo ndio wizi. (Kuna utamu kidogo kwa hiyo kesi: Eisner kwa miaka mingi alikuwa akisimulia vile alisimama kortini akasema ukweli kwamba Fox ndiye alimwagiza aige, watu wakimpigia makofi kwa uaminifu, halafu 2010 rekodi za kesi zikachapishwa ikaonekana alichosema chini ya kiapo ni kwamba alimbuni mwenyewe. Simhukumu. Una miaka 22 na aliyeshtakiwa ndiye anakupa kazi, wewe ungesema nini?)

Lakini ndugu wa Nakuru amesoma nusu ya hukumu, kama amesoma. Jaji yule yule, kwa hukumu ile ile, alisema DC haiwezi kumiliki wazo lenyewe la mtu mwenye nguvu zisizo za kawaida anayewafaa binadamu. Kinacholindwa ni vile umemchora, vile umepanga matukio yake, maneno yake, si ule mfano wa jitu jema. Kama mahakama ingesema wazo ni mali ya DC basi stori ya mashujaa wa komiki ingeishia hapo 1940, hakuna Spiderman, hakuna Black Panther, hakuna chochote cha kuchora kwa matatu. Huo mlango uliachwa wazi makusudi na wote wakapita hapo.

Na walipita wakisukumana kweli. Captain America mnayemjua na ngao ya duara, kwa toleo lake la kwanza, la Machi 1941, ngao haikuwa ya duara. Ilikuwa na pembe, na kampuni ya MLJ, ndio hawa walikuja kuitwa Archie, ilikuwa tayari na shujaa wao wa kizalendo anaitwa The Shield tangu 1940, kifua chake kimekaa ngao hivyo hivyo, wakalalamika, na toleo la pili Captain America akatokea na duara. Yaani hiyo duara watu wanaivaa kwa fulana ilitoka kwa malalamiko ya jirani. Halafu miaka ya tisini, 1997 hivi, kampuni ya Captain America ikamshtaki Rob Liefeld kwa sababu ya shujaa wake Fighting American, naye wa bendera na ngao, na kwa vile mambo yalimalizika huyo Fighting American aliruhusiwa kubeba ngao yake lakini asiirushe. Mimi hii huwa inanichekesha kila nikiikumbuka, mtu mzima na ngao yake anapigana na maadui amekatazwa kuitupa, wakili ameketi kando anahesabu.

Sasa Captain Marvel. Hapa ndio naomba watu wakae chini.

Kampuni ya Fawcett, watu wa magazeti ya kawaida, waliona pesa ya Superman wakataka yao, na mwanzo wa 1940 wakatoa Captain Marvel kwa jarida la Whiz Comics. Aliandikwa na Bill Parker na kuchorwa na C. C. Beck. Sasa sikia tofauti: Clark Kent, yaani Superman akiwa na nguo za raia, ni mtu mzima anayejifanya mnyonge, lakini huyu ni mtoto yatima, Billy Batson, anauza magazeti, anasema neno moja, Shazam, radi inapiga anageuka kuwa jitu. Mtoto! Kila mtoto aliyekuwa anasoma akajiona. Na michoro ya Beck ilikuwa safi, ya utani kidogo, baadaye kukawa na simbamarara anaongea amevaa suti. Ndio, ana joho, ana nguo ya kubana, anapaa, ananyanyua magari, na mwenye macho anaona alitoka kwa mbavu ya Superman. Lakini si Wonder Man. Huyu alikuwa na roho yake.

Tatizo ni kwamba aliuza. Katikati ya miaka ya arobaini jarida lake lilikuwa linapita nakala milioni moja kwa toleo na lilikuwa linamshinda Superman mwenyewe sokoni. Mimi sisemi DC hawakuwa na hoja, walikuwa nayo, walienda kortini na vibandiko vya picha kando kwa kando, hii yetu hii yao, na zingine zilikuwa zinafanana kwa aibu. Lakini kuna mashujaa wangapi feki walitoka miaka hiyo wakauza kidogo na wakafa bila mtu kuwasumbua? Huyu kesi yake ilifunguliwa 1941, mwaka ule ule alitolewa filamu, na ikaendelea kwa miaka kumi na mbili. Kumi na mbili, Mhariri. Vita vikuu vikaisha kesi iko tu.

Kwa mahakama ya kwanza Fawcett walishinda, na hawakushinda kwa sababu Captain Marvel si kopi, jaji aliona kuna kuiga. Walishinda kwa sababu zile katuni za Superman za magazetini zilikuwa zimechapishwa bila ile alama ya hakimiliki vile sheria ya wakati huo ilitaka, kwa hivyo ikasemekana hakimiliki imetupwa. Fundi mmoja kwa mtambo amesahau kuweka alama ndogo na jitu lote la chuma linaanguka. DC wakakata rufaa, na 1951 kesi ikaangukia jaji anaitwa Learned Hand, na kama jina la pili linakusumbua ni kweli, ni binamu ya yule Augustus wa Wonder Man. Akasema hapana, hakimiliki haikutupwa, lakini pia hakuwapa DC ushindi wa jumla, alisema irudi chini ikaangaliwe picha kwa picha, hadithi kwa hadithi, kipi hasa kiliibwa.

Hiyo nataka ndugu wa Nakuru aishike vizuri. Picha kwa picha. Jaji mkubwa kama huyo hakusema "wanafanana, basi". Alisema leta ukurasa, tuone.

Haikufika huko. Soko la mashujaa lilikuwa limeshuka, Fawcett walikuwa wamechoka kulipa mawakili, na 1953 wakakubali nje ya korti, wakalipa dola 400,000 na kuahidi kutochapisha tena Captain Marvel. Idara nzima ikafungwa, wachoraji wakaenda nyumbani. Na mwandishi wake mkubwa, Otto Binder, alienda wapi? Akaenda kumwandikia Superman! Mwaka wa 1959 huyo huyo Binder ndiye aliandika hadithi ya kwanza ya Supergirl, msichana wa ukoo mwenye nguvu zile zile, na kule kwa Captain Marvel alikuwa amewahi kumwandika Mary Marvel, msichana wa ukoo mwenye nguvu zile zile. Hakuna aliyemshtaki mtu hapo maana zamu hii maji yalikuwa yanateremka upande wao.

Jina likaachwa bila mwenyewe, 1967 kampuni ya Marvel ikalichukua ikaunda Captain Marvel wake tofauti kabisa. Kwa hivyo DC walipokuja kumkodisha yule wa zamani kutoka kwa Fawcett miaka ya sabini, yule yule waliyemzika wenyewe, hawangeweza kulipa jarida jina lake, ikabidi liitwe Shazam. Mpaka 2019 kwa sinema ukapata Captain Marvel wa mwanamke mwezi wa Machi na Shazam mwezi wa Aprili, na watoto hapa wakaniuliza ni nani wa kweli kati yao, nikawaambia ni mrefu huo mgogoro, nendeni mlale.

Sasa mwaka ule ule wa 1953 Fawcett wanasalimu amri ndio kulitokea kitu ambacho kwangu ndio jibu la barua nzima ya Nakuru. Jarida la Mad, toleo la nne, Harvey Kurtzman akiandika na Wally Wood akichora, likatoa hadithi ya Superduperman. Kila kitu kiko pale, joho, kifua, miwani, msichana wa gazetini, isipokuwa Clark anaitwa Clark Bent na ni mtu wa hovyo anayesafisha vyombo vya kutemea mate, na nguvu zake anazitumia kuchungulia wanawake kupitia ukuta. Na anapigana na nani? Captain Marbles. Yaani waliichukua ile kesi ya miaka kumi na mbili wakaifanya ngumi za wajinga wawili waliovaa chupi juu ya suruali. DC walikasirika, wakatisha kushtaki. Mad hawakunyamaza, waliendelea kuwacheka hao mashujaa, na huo mtindo ndio ukawajengea jina. Na mwisho wa siku Mad na DC wote wawili wakaishia chini ya tajiri mmoja.

Wonder Man alimfanana Superman ili uchanganyikiwe. Superduperman alimfanana Superman ili usichanganyikiwe, bila kufanana huwezi kucheka, na ukishacheka umeshajua huyu si yule. Mchoro unaweza kuwa karibu sawa lakini kazi yao ni tofauti kama usiku na mchana. Ndugu wa Nakuru ameangalia joho tu.

Najua atasema basi mtu aibe chochote halafu aseme "nilikuwa natania". Hapana, na hata huko haiendi hivyo. 1971 kikundi cha wachoraji wa San Francisco, kiongozi wao Dan O'Neill, walimchora Mickey Mouse akifanya mambo ya watu wazima ambayo siwezi kuandika kwa gazeti la familia, sura ile ile, jina lile lile, kila kitu. Disney wakawashtaki na mahakama ya rufaa 1978 ikasema mzaha mnaruhusiwa lakini mlichota zaidi ya mliyohitaji ili utani ueleweke. Hiyo kipimo mimi naona ni ya haki. Halafu 1994 mahakama yao ya juu kabisa, kwa kesi ya wimbo wa kundi la 2 Live Crew, ikasema wazi kwamba mzaha unaweza kuwa matumizi halali hata kama unauzwa kwa pesa, muhimu ni kama unasema kitu kuhusu ile kazi ya mwanzo au unaipanda tu mgongoni ili ufike sokoni haraka.

Na tusifikirie ni ya wazungu peke yao. Afrika Kusini, 2005, mahakama ya katiba ilisikiza kesi ya kijana aliyechapisha fulana za kuchokoza lebo ya bia, maneno yamegeuzwa kuwa ya kejeli ya ubaguzi, kampuni ya bia ikasema alama yetu inachafuliwa. Kijana alishinda, na Jaji Albie Sachs alianza maoni yake kwa kuuliza kama sheria ina ucheshi. Hawa ni majirani zetu wa bara hili na katiba yao haiko mbali na yetu.

Sisi je? Hapa ndio kuna shida na ningependa wabunge wetu wa huku, wanaopenda kutuambia vijana wajiajiri, waiangalie. Sheria yetu ya Hakimiliki ya 2001 inaruhusu kutumia kazi ya mtu kwa haki kwa mambo kama utafiti, matumizi ya kibinafsi, uhakiki na kuripoti habari, ukitaja chanzo. Sasa mzaha unaingia wapi hapo? Kwa uhakiki, ndivyo mimi ningesema, kumcheka Superman ni kumhakiki. Lakini hiyo ni mimi na brashi yangu nasema, wakili wa kampuni kubwa atasema tofauti na kijana wa Manyatta hana wakili. Katiba ya 2010, kifungu cha 33, inampa uhuru wa kujieleza pamoja na ubunifu wa sanaa, kifungu cha 40 kinasema serikali italinda haki za ubunifu za Wakenya, na kati ya hivyo viwili kijana amesimama kama kuku barabarani. Liandikwe tu wazi, mzaha na kejeli, tumalizane. Nchi iliyocheka vikaragosi vya XYZ Show kwa runinga na kuona mchora katuni Gado akiwachora marais na mapua marefu isiogope neno hilo kwa sheria.

Turudi kwa kijitabu chenyewe, maana ndugu wa Nakuru amekihukumu na naona kama alikiona kava tu. Mimi nilikinunua na nimekisoma mpaka nyuma. Shujaa anatoka mbinguni na leso mgongoni, anatua Kondele kuokoa watu, wa kwanza kumfikia ni kanjo, askari wa jiji, anamuuliza leseni ya kupaa iko wapi. Anatoroka anaenda ziwani, anasema mimi nanyanyua majumba, nitaondoa hili gugumaji kwa mkono mmoja, anaingia, gugumaji linamshika miguu, joho linaloa, anaanza kuita msaada. Wavuvi wa Dunga wanakuja na mtumbwi wanamvuta, halafu wanamdai pesa ya mafuta. Mzee mmoja anamwambia, "Omera, hapa tunapiga kasia, hatupai." Mwisho shujaa anafanya mkutano hotelini kueleza vile ameokoa ziwa.

Sasa niambie hiyo ni nakala ya hadithi gani ya DC? Hiyo inasema kitu kuhusu Superman mwenyewe, mgeni mwenye misuli anayetoka mbali akidhani kila shida inangoja mkono wake, na inasema kitu kuhusu sisi, na kuhusu wale wa miradi wenye magari meupe, na sisi wa kando ya ziwa tumewaona wengi. Huwezi kusema hayo bila joho. Joho ndio utani.

Lakini nitasema na upande mwingine, na hao vijana nimeshawaambia uso kwa uso. Ile herufi kifuani kwa kava wameikopi kabisa, ile ngao ya S, pembe zile zile rangi zile zile. Hiyo waitoe. Hakimiliki ya Superman yule wa kwanza itaisha Marekani mwanzoni mwa 2034, lakini alama ya biashara ni mnyama mwingine, inaweza kuhuishwa hata milele, na herufi hiyo haiongezi kicheko chochote, mngechora samaki pale tungecheka zaidi. Tena kuna ukurasa wa vita karibu na katikati ambao umetolewa moja kwa moja kwa komiki ya watu, mtu amewekelea karatasi akafuatisha mistari, inaonekana kwa sababu mkono ghafla si wao. Huo ni uvivu, na kama kuna ukurasa wa kupelekwa kwa jaji wa picha kwa picha ni huo. Mimi mwenyewe mteja akitaka Spiderman mtupu kwa gari namshawishi tumvalishe jezi ya kijani ya Gor, klabu yetu ya mpira, na tumpe ndizi mkononi, kwanza gari linakumbukwa stejini, pili tumeongeza kitu. Sisemi jezi inafuta deni kortini, nasema ni hatua.

Kuna wanaosema, na hata hiyo barua iligusia, kwa nini msichore Luanda Magere, shujaa wa hadithi za Waluo, badala ya kuhangaika na wa nje. Ni wazo zuri na wengine wanalifanya. Shujaa wa mwili wa jiwe, mikuki inajikunja kwake, maadui wa Lang'o wanampelekea mke, mke anagundua siku moja mumewe akiwa mgonjwa kwamba akichanjwa kwa kivuli ndio damu inatoka, na vitani anachomwa kivuli anageuka jiwe. Hakuna mchapishaji duniani atakuja kutuambia hicho kivuli tumekiiba kwa kryptonite, lile jiwe linalommaliza Superman nguvu, hiyo kryptonite yenyewe ilianzia kwa mchezo wa redio 1943, watu wa Kano walikuwa wanasimulia kivuli kabla redio haijazaliwa. Na Gor Mahia wa kale, yule mganga wa kujigeuza chochote, mbona hana jarida lake? Ila wajue vitu viwili. Hadithi ni ya wote lakini michoro yako ni yako, kwa hivyo wachapishaji wawili wakimtoa Luanda Magere kila mmoja na wake hakuna kesi, mmoja akifuatisha mistari ya mwenzake kuna kesi, ni Augustus Hand yule yule. Na tangu 2016 tuna sheria ya kulinda maarifa asilia na sanaa za jadi, jamii yenyewe ina haki ya kuulizwa na ya kukataa ikipotoshwa, kwa hivyo kabla hujamweka Magere kwa pakiti ya biskuti tembea kwanza ukaongee na wazee.

Lakini Luanda Magere hawezi kufanya ile kazi ya shujaa wa leso. Huyu ni wetu, tunamsimulia kwa heshima. Yule wa joho alikuja kwetu bila kuitwa, kwa video, kwa fulana za mitumba, kwa mikoba ya shule, na watu wana haki ya kumjibu mgeni aliyeingia mpaka sebuleni. Na tukisema mashujaa ni mali ya kampuni mbili tu tutakuwa tunawazidi hata Wamarekani, kwa sababu Marvel na DC kweli walikuwa wameisajili pamoja hiyo alama ya "Super Heroes" kama yao kwa miaka mingi, na 2024 ofisi ya alama za biashara huko huko kwao ikaifuta baada ya kampuni ndogo kuwapinga.

Ndugu wa Nakuru akishuka huku siku ya Jumapili apitie soko la Kibuye, upande wa mitumba, akinunue akisome. Akiuliza kijitabu cha Superman hatakipata, watamwangalia tu. Aulize cha gugumaji, hivyo ndivyo kila mtu anakiita.

Fundi wa mabango,
Kondele, Kisumu